Hedi Imechongwa, Pikipiki Haivuti: Kutafuta Tatizo Dalili kwa Dalili

Pikipiki iliyochongwa hedi, yaani njia zake za hewa na moshi zimepanuliwa kwa tupa, ikianza kusumbua, wa kwanza kulaumiwa ni kabureta. Inafunguliwa, inasafishwa, jeti (kitundu cha kupimia petroli) inabadilishwa, na tatizo liko pale pale. Madhali kabla ya kufunguliwa ilikuwa inakwenda vizuri, tafuta kwanza kwenye kilichoguswa: hedi yenyewe, valvu zake na maungio yake. Anza na kuziba, yaani valvu, gasketi na viungo vya kabureta na ekzosi. Kisha tafuta uchafu uliobaki ndani. Mwisho kabisa ndiyo ujiulize kama njia zimechongwa kupita kiasi. Mawili ya kwanza yanatengenezeka kwa pesa ndogo. La tatu ni zito, maana aluminiamu iliyotoka na tupa hairudi, basi usilikubali mpaka mengine yote umeyaondoa.

Maelezo haya ni ya injini za silinda moja, valvu mbili, zinazopozwa kwa upepo, za muundo wa Honda CG125 na nakala zake za Kichina: pistoni ya milimita 56.5, mwendo wa milimita 49.5, roka (mikono midogo inayofungua valvu) zinazosukumwa kwa fimbo. Injini zenye kamshafti juu, kama Bajaj Boxer, zina dalili hizo hizo, ila huko sharti uhakikishe pia alama za cheni ya kamshafti zimekaa sawa, kwa sababu cheni ikiruka jino moja utasumbuka bure na mengine. Vespa za zamani na mashine za boti za viharusi viwili hazimo humu kabisa. Hizo hazina valvu za namna hii. Njia zake zimo kwenye silinda, na kuzichonga ni elimu nyingine.

Kiki imekuwa laini, injini haiwaki au inawaka kwa taabu

Hapa kompresheni inavuja. Usifungue kitu kabla hujapima tepeti, yaani mwanya kati ya roka na shina la valvu. Valvu ikisagwa kwa pesti huzama kidogo kwenye kiti chake, na mwisho wa shina lake hupanda kuelekea roka. Nafasi ya tepeti kwa hiyo hupungua, wakati wengi hudhani inaongezeka. Aliyesaga valvu akafunga bila kuseti upya anaweza kuwa na valvu isiyofunga kamwe, na ile ya moshi itaungua ukingo.

Pima injini ikiwa baridi. Zungusha magineti mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye bloku, kisha shika roka zote mbili. Zikicheza kidogo, uko mwisho wa kiharusi cha kukandamiza. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja kamili ndiyo upime. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji (kibamba cha kupimia mwanya) ipite kwa kukwaruza, isiteleze wala isilazimishwe. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwani skurubu huzunguka pamoja na nati bila wewe kuona. Na hapo hapo angalia kama fimbo zote mbili zimekaa ndani ya vikombe vyake. Fimbo iliyokaa ukingoni inaachia valvu wazi au haiifungui kabisa.

Tepeti zikiwa sawa na kiki bado laini, tafuta mvujo unakwenda wapi. Geji ya kompresheni itakuambia kiasi tu: ukipiga kiki huku resi imefunguliwa yote, injini nzima ya aina hii hutoa kama paundi 150 hadi 180 kwa inchi ya mraba, na chini ya 100 kuwaka kunakuwa kwa bahati. Kinachokuambia mahali ni pampu ya baiskeli. Chukua plagi mbovu, vunja kaure yake, toa vya ndani vyote, ubaki na ganda lenye nyuzi. Mpe fundi wa kuunga kwa shaba abandike juu yake valvu ya tyubu ya baiskeli. Funga ganda hilo mahali pa plagi, weka pistoni juu kabisa kwenye kiharusi cha kukandamiza, tia gia ya juu kabisa, mwenzako akanyage breki ya nyuma, kisha pampu. Sikiliza kwa mpira mwembamba uliouweka sikioni. Mzomeo kwenye mdomo wa kabureta ni valvu ya kuingizia. Kwenye ekzosi ni valvu ya moshi. Kwenye tundu la kutilia oili ni ringi, na mzomeo kidogo hapo ni kawaida kwa injini yoyote. Pembeni ya hedi, paka maji ya sabuni. Povu likitokea, gasketi haijakamata.

Kama huna ganda hilo, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara chache, kisha upime tena. Kompresheni ikipanda sana, ringi ndizo zinazovuja. Ikibaki ilivyo, ni valvu au gasketi.

Ikiwa ni valvu, hedi inashuka. Igeuze juu chini, funga plagi, sawazisha meza, jaza petroli kwenye chumba cha moto. Kazi hii ifanywe nje, mbali na jiko na sigara. Mulika ndani ya kila njia kwa tochi. Valvu iliyosagwa vizuri hukaa dakika kadhaa bila hata unyevu. Mafuta ya taa hayafai kwa kipimo hiki kwa sababu ni mazito kidogo na hukawia kupita penye mwanya mwembamba, hivyo valvu mbovu kidogo itaonekana nzima.

Inayovuja baada ya kuchongwa mara nyingi ina sababu moja kati ya hizi tatu. Ya kwanza ni kovu la tupa kwenye kiti. Tupa inapotoka kooni, yaani sehemu ya njia iliyo nyuma tu ya kiti cha valvu, huparuza kiti ikiwa hakikukingwa, na kovu la upana wa unywele linatosha. Ndiyo maana wakati wa kuchonga panatakiwa valvu chakavu au kizibo cha mbao juu ya kiti, na tupa iingizwe kutokea upande wa kabureta au ekzosi kila inapowezekana. Kovu dogo hutoka kwa kusaga. Kovu linaloshikika kwa ukucha halitoki, na anayelilazimisha kwa pesti ya kukwaruza huishia kuizamisha valvu na kuchimba mfereji kwenye uso wake. Hilo ni la kukata kiti upya kwa kisu cha nyuzi 45.

Ya pili ni kiti kilichopanuka. Mstari wa kijivu uliobaki kwenye valvu baada ya kusaga uwe mzunguko usiokatika, upana wa milimita 1 hadi 1.5. Ukifika milimita 2, shinikizo linasambaa, masizi yananasa na mvujo unaanza. Ya tatu ni pesti iliyobaki. Pesti ya kusagia ni mawe yaliyosagwa, na ikikauka chini ya valvu huizuia kufunga. Pangusa kwa kitambaa chenye petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Katika kusaga kwenyewe, anza na pesti ya kukwaruza pale tu penye makovu. Kwa valvu mpya kwenye kiti kizuri, laini peke yake inatosha. Zungusha nusu mzunguko huku na huku, inua valvu kila baada ya mizunguko michache, igeuze robo, rudia. Anayezungusha bila kuinua hukata mistari ya duara ambayo petroli itaipata.

Resi inaning'inia juu, na ekzosi inapiga baruti ukiachia

Ukiachia resi injini inabaki inanguruma kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, au siku nyingine haishuki kabisa. Hewa inaingia mahali isikopitia kabureta. Baada ya kuchonga, mahali hapo ni uso ambapo mkono wa kabureta, yaani bomba fupi linaloishika kabureta, unakutana na hedi.

Kosa lenyewe linafanyika hivi. Mtu anaweka gasketi juu ya mdomo wa njia, anachora ukingo wake, kisha anachonga kwa tupa mpaka kwenye mstari. Lakini gasketi nyingi za dukani tundu lake ni kubwa kuliko mdomo wa mkono wa kabureta. Matokeo yake njia inapanuka mpaka karibu na mfereji wa oringi (ringi ya mpira ya kuzibia), na ukuta uliobaki hauwezi kuibana. Kilichotakiwa kulinganishwa ni mkono wenyewe. Pakaa wino kwenye uso wa hedi, funga mkono bila gasketi, ingiza sindano ndefu iliyopindwa ncha, uchore mzunguko wa ndani. Huo ndio mwisho wa tupa.

Kupima, iache injini kwenye resi ya chini, nyunyiza maji kidogo kwa chupa kuzunguka kiungo hicho. Mlio ukibadilika hata kwa nukta moja, umepata. Petroli ya kunyunyizia juu ya injini ya moto tusiitumie. Tiba ni oringi mpya, na uso wa plastiki ya kabureta usuguliwe kwenye msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo, maana plastiki hizo hupinda kwa joto na kukaza kupita kiasi. Usijaze silikoni. Petroli huivimbisha na kuivunja, na vipande vyake huishia chini ya valvu.

Resi ikishuka vizuri lakini baruti zipo, angalia ekzosi. Ringi ya shaba ya mdomo wa ekzosi ikishabanwa mara moja haibani vizuri tena. Weka mpya.

Ina kelele juu, lakini kilima haipandi

Dalili hii Unguja inaweza kukaa muda bila mtu kuishtukia, kwa vile barabara nyingi ni tambarare. Pemba inajulikana siku ya kwanza. Mtu anayeshusha magunia ya karafuu kutoka shamba hadi kituoni anahitaji nguvu kwenye resi ya chini, na injini iliyochongwa njia pana haina. Inadai klachi ishikwe nusu, inadai gia ya kwanza pale ilipokuwa inapanda na ya pili.

Sababu ni mwendo wa hewa. Injini ya cc 124 huvuta kiasi kile kile kidogo cha hewa kwenye resi ya chini. Njia ikiwa pana, hewa inakwenda polepole, petroli inaanguka ukutani badala ya kuelea, na silinda haijai. Huko juu, hewa inapokuwa nyingi, njia pana inasaidia, ndiyo maana mtu anasikia kelele na kudhani amepata nguvu.

Pabaya pa kuchonga ni sakafu ya njia, pale inapopinda kwa ghafla kuingia kooni. Hewa inatakiwa iufuate ule mgongo. Ukiushusha, hewa inaruka na kugonga upande wa pili, na nusu ya valvu inakosa kazi. Mgongo huo unalainishwa kwa msasa tu. Faida yote ya kazi ya mkono iko penginepo: kuondoa ngazi ya kiwandani ambapo kiti cha chuma kinakutana na aluminiamu, kulainisha makunyanzi ya kalibu, na kupunguza unene, pande mbili, wa nundu inayozunguka gaidi, yaani bomba dogo linaloongoza shina la valvu. Koo lisizidi asilimia 88 hivi ya kipenyo cha valvu. Valvu ya milimita 30 inataka koo la milimita 25.5 hadi 26.5. Na njia ya kuingizia usiisugue ikawaka kama kioo. Msasa namba 80 au 120 uiache na mikwaruzo midogo, ili petroli iliyoshuka ukutani ipate kuchukuliwa tena na hewa. Kung'arisha kuna maana kwenye njia ya moshi peke yake, ambako masizi hukawia kushika.

Kujua kama umezidisha, usitegemee macho. Tafuta hedi nyingine ya aina hiyo hiyo isiyoguswa. Funga valvu ya kila moja, simamisha mdomo juu, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano la mililita 20, uhesabu zimeingia ngapi. Tofauti ya mililita ndiyo chuma ulichotoa. Aliyehifadhi unga wa tupa anaweza hata kuupima kwa mizani ya sonara: kila gramu 2.7 za aluminiamu ni mililita moja.

Ikithibitika kuwa njia ni pana, njia rahisi ni kubadilisha sproketi. Ya mbele ikiwa na meno 15, weka ya 14. Utapoteza karibu asilimia 7 ya mwendo wa juu kwa gia ile ile, lakini kilima kitapandika. Kuna wanaojaza sakafu kwa gundi ya chuma ya sehemu mbili. Kwenye njia ya kuingizia hukaa kama gundi ni ya kuvumilia petroli na ukuta umesafishwa mpaka ukachubuka, ila ikibanduka inapita kwenye valvu na pistoni. Hedi iliyotumika ni salama zaidi. Kwenye njia ya moshi gundi hiyo haikai, ijaribiwe na yeyote.

Plagi nyeupe, injini inachemka

Baada ya kusafisha tu njia bila kuzipanua, jeti haihitaji kuguswa. Baada ya kuchonga koo, huenda jeti kubwa ikahitaji kupanda namba moja, mara chache mbili. Endesha kwa resi kubwa kama kilomita mbili, zima injini papo hapo huku umeshika klachi, toa plagi. Rangi ya udongo ni sawa, nyeupe inataka petroli zaidi, nyeusi ya masizi makavu inataka petroli ipunguzwe. Usisome plagi kabla hujahakikisha kuwa hakuna hewa inayoingia kwenye maungio, kwani utapandisha jeti kutibu oringi. Wala usitanue jeti kwa waya.

Moshi wa bluu

Angalia unatoka lini. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, au ukatoka pale unaposhuka kilima umeachia resi halafu ukapiga tena, ni sili za valvu (vikombe vya mpira vinavyozuia oili kwenye shina) au gaidi. Ukitoka muda wote injini inapobeba mzigo, ni ringi na silinda.

Sili mpya hukatika siku hiyo hiyo zinapovalishwa, kwa sababu mfereji wa vikata (vipande viwili vinavyoshikisha springi kwenye shina la valvu) una kingo kali. Viringishia kipande chembamba cha nailoni juu ya shina, paka oili, sukuma sili taratibu, kisha vuta nailoni. Gaidi ni jambo jingine. Wako wanaokata gaidi ili njia iwe wazi. Kwa pikipiki ya kazi ni hasara tupu: gaidi fupi inaiachia valvu icheze, sili inachoka, kiti kinapigwa upande. Shika kichwa cha valvu iliyofunguliwa kama milimita 10, itikise. Ukihisi inagonga huku na huku, gaidi imekwisha.

Moshi wa ringi ukianza mara tu baada ya kuchonga, fikiria mchanga wa msasa. Chembe zake hunasa ndani ya gaidi, kwenye nyuzi za plagi na kwenye matundu ya oili, kisha hushuka zikakwaruza silinda. Hedi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ipite ndani ya gaidi na kila tundu, isuuzwe, ikaushwe kwa upepo wa pampu, ndipo ipakwe oili. Maji yawe ya mfereji. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye aluminiamu huacha unga mweupe unaochimba uso wa gasketi. Upepo wa bahari peke yake unaanza kazi hiyo kwa hedi iliyoachwa wazi barazani, basi ifunike kwa kitambaa chenye oili.

Roka zinalia, kifuniko kinaunguza

Oili haifiki juu. Fungua vifuniko vya tepeti, washa kwa muda mfupi, utazame. Kwenye injini nyingi za aina hii oili hupanda kupitia nafasi iliyo pembeni ya stadi (bolti ndefu inayobana hedi), na gasketi iliyogeuzwa au silikoni iliyojaa huifunga. Zima mara moja. Roka kavu hukwanguka haraka sana.

Oili au moshi kwenye kiungo cha hedi na bloku

Laza hedi juu ya kioo kinene, jaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.05 chini yake. Ikipita, paka wino uso wa hedi, bandika msasa namba 320 kwenye kioo, sugua kwa kuchora umbo la namba nane bila kukandamiza upande mmoja, mpaka wino uliopaka uishe kote. Ikipita ya 0.10, ipeleke kwa mkerezaji. Gasketi iwe mpya. Nati zikazwe kwa msalaba, kwa hatua tatu. Kwa stadi za milimita 8 mwisho wake kwa kawaida ni kati ya Nm 18 na 25, na kitabu cha injini yako kikisema vingine, kifuate. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, kaza tena kisha useti tepeti upya.

Inakula oili, na hakuna ulichokipima kikawa kibovu

Huenda umetoboa ukuta. Kwenye injini za fimbo, pango la fimbo limepita karibu na njia, na tundu la kushika sindano linatosha kuvuta oili kila kiharusi. Hedi za kunakili zina kuta zisizolingana unene, hivyo iliyostahimili kwa jirani huenda yako isistahimili. Ziba mdomo wa njia kwa kipande cha mpira, jaza mafuta ya taa kupitia tundu la valvu, iache hedi usiku mzima juu ya gazeti kavu. Doa likitokea upande wa pango au tundu la stadi, ndipo penyewe.

Tundu hilo huzibwa kwa kuunganisha aluminiamu kwa gesi ya agoni, kisha uso usawazishwe na viti vya valvu vikaguliwe, kwani joto huvilegeza. Mara nyingi gharama hiyo inaikaribia hedi nzima. Ukienda kununua, chukua ile ya zamani ulinganishe nafasi za stadi, matundu ya oili, kina cha chumba cha moto, urefu wa nyuzi za plagi na upana wa valvu. Hedi mbili zinaweza kufanana kwa nje na fimbo zikatofautiana milimita kadhaa.